Kupanga saraka za matokeo kwa anayetunza vifurushi vingi vya Debian

Juma lililopita, hapa Kijitonyama, nilikaa na mdogo wangu mmoja wa kazini kumsaidia kutafuta faili la .changes (orodha ya faili za kifurushi cha programu za Debian, mfumo endeshi wa Linux) alilotaka kulipakia. Tulilikuta katika saraka moja na hifadhi 13 za git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), limezungukwa na faili za .deb (kifurushi cha kusakinisha), .dsc (maelezo ya msimbo wake) na .buildinfo (kumbukumbu ya ujenzi) za matoleo ya tangu mwaka jana. Hakuwa amekosea amri yoyote: dpkg-buildpackage, amri ya kujenga kifurushi, kwa kawaida hutoa matokeo katika saraka iliyo juu ya ile ya msimbo, na kadiri vifurushi vinavyoongezeka ndivyo saraka hiyo inavyogeuka jaa.

Hatua ya 1. Ndani ya ~/debian tengeneza saraka tatu: git kwa hifadhi, asili kwa faili za .orig (msimbo wa asili wa programu, kabla ya marekebisho ya Debian), na matokeo kwa kila kinachozalishwa.

Hatua ya 2. Katika ~/.gbp.conf, faili la mipangilio ya gbp (git-buildpackage, chombo cha kujenga vifurushi kutoka git), chini ya sehemu ya buildpackage, andika:

export-dir = ../../matokeo/
tarball-dir = ../../asili/

Njia hizi huhesabiwa kuanzia ndani ya hifadhi ya kifurushi. Usiziandike katika debian/gbp.conf, kwa kuwa faili hilo ni la watunzaji wote na mpangilio wa diski yako hauwahusu.

Hatua ya 3. Linda faili za .orig. Hapa naomba usiharakishe. Kwa kifurushi cha muundo wa quilt (marekebisho ya Debian hutunzwa kando ya msimbo wa asili), dpkg-source, amri inayofunga msimbo wa kifurushi, hulitaka faili la .orig liwe juu ya saraka ya msimbo. Gbp hulitafuta katika asili, kisha huliwekea kiungo ndani ya matokeo. Likikosekana, gbp haisimami kukuuliza, bali hulitengeneza upya kutoka kwenye tagi ya git. Jina huwa lile lile, na hata msimbo ulio ndani unaweza kuwa ule ule, lakini baiti zikitofautiana kidogo tu, SHA256 (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka baiti hizo) hubadilika, na hifadhi kuu ya Debian haipokei faili lenye jina lililokwisha kutumika na maudhui mengine. Mimi niliwahi kuifuta saraka ya asili ili nipate nafasi, nikajenga, nikapakia, kifurushi kikakataliwa. Nikakesha nikitafuta kosa katika msimbo ambao haukuwa na kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa rekebisho jipya la toleo lililokwisha kupokelewa, ingia katika asili, tumia apt source --download-only, kisha linganisha jibu la sha256sum na namba iliyomo ndani ya .dsc. Unapojenga, ongeza --git-no-create-orig ili kazi ikwame mapema badala ya kukwama baada ya kupakia. Wapo wanaotegemea pristine-tar, chombo cha kulirudisha faili la .orig kutoka git. Mimi naona ni salama zaidi kulitunza faili lenyewe, kwa sababu pristine-tar imewahi kushindwa kulirudisha faili baada ya programu za mgandamizo kubadilika, na bando la kupakua upya ni fedha.

Hatua ya 4. Katika ~/.devscripts weka DEBRELEASE_DEBS_DIR=../../matokeo, ili debc na debi (amri za kuorodhesha yaliyomo katika .deb na kuisakinisha) zijue pa kutazama.

Hatua ya 5. Safisha kwa dcmd rm ukitaja faili la .changes, nayo itaondoa faili zote zilizoorodheshwa humo, pengine pamoja na .orig. Kabla ya kufuta, piga ls -l ndani ya matokeo: mstari wa .orig ukianza na herufi l, kitakachoondoka ni kiungo tu. Usipoanza hivyo, lihamishie faili hilo asili kwanza.