Somo: Kufunga chuma cha kuvutia tela kwenye Mercedes W124 sedani, pamoja na maswali

Somo hili linahusu W124 ya sedani tu: 200, 230E, 260E, 300E na E-Class za mwanzo. Wagoni ina nyuma tofauti, kwa hiyo usichukue vipimo vya huku ukavipeleka kule. Kukaza boliti si kazi ngumu. Kazi huharibikia sehemu mbili: chasi ikibanwa bila mrija ndani yake, na waya za tela zikibandikwa moja kwa moja kwenye taa za nyuma.

Kabla hujanunua chuma

Angalia kadi ya data ya gari, yaani kadi inayoorodhesha kwa namba (kodi) vifaa gari lilivyotoka navyo kiwandani. Kodi 550 maana yake gari lilitoka kiwandani na chuma cha tela. Kodi 480 maana yake nyuma lina mfumo wa hidroliki unaojisawazisha. Uzito linaloruhusiwa kuvuta soma kwenye kitabu cha gari lako, kwa sababu hutofautiana kwa injini na giaboksi. Tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo, na kama kitabu kinataja pungufu, fuata kitabu.

Kisha soma kibati kilichopigwa kwenye chuma chenyewe. S ni kilo zinazoruhusiwa kukandamiza gololi, yaani kichwa cha mviringo ambacho tela hushika. D ni nguvu ya kuvuta kwa kilonyutoni, na unaihesabu hivi: 9.81 × (uzito wa gari × uzito wa tela) ÷ (uzito wa gari + uzito wa tela), yote kwa tani na pamoja na mzigo. Gari la tani 2.0 na tela la tani 1.2 ni 9.81 × 2.4 ÷ 3.2, sawa na 7.4. Chuma kiandikwe 7.4 au zaidi. Chuma kisicho na kibati ni chuma chakavu hata kikipakwa rangi nzuri.

Vitu vya kuandaa

Boliti mpya za daraja 8.8 na nati za kujifunga, vibati vya mm 40 × 40 × 4 vya kuweka chini ya nati, mrija wa chuma wa nje mm 18 na ndani mm 13, rangi ya kuzuia kutu, nta ya ndani ya chasi, soketi ya pini 7, waya wa nyuzi saba wa mm² 1.5, waya wa mm² 2.5 wa umeme mkuu na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari), fyuzi ya ampea 15, kisanduku cha rilei za tela, multimita, na spana ya kupimia mkazo.

Hatua

1. Usiku wa kuamkia kazi, pulizia nati za bampa mafuta ya kulegeza kutu. Zinafikika kutoka ndani ya buti ukishatoa zulia, tairi la spea na vifuniko vya pembeni. Chomoa hasi ya betri, fungua nati, kisha watu wawili mvute bampa kurudi nyuma kwa usawa. Ukivuta upande mmoja unavunja plastiki inayoshika pembe.

2. Gonga chasi kwa kichwa cha bisibisi kila mahali chuma kitakapokaa. Sauti ikiwa butu au bisibisi ikizama, simama hapo. Kwanza fundi wa bodi, tela baadaye. Pakiwa pazima, kwangua ile lami ya kuzuia kutu mpaka kwenye rangi. Ukiiacha, inasinyaa chini ya mkazo na boliti zinalegea ndani ya wiki chache, hata kama ulizikaza sawasawa.

3. Inua chuma kwa jeki, ingiza boliti zote kwa mkono bila kukaza. Kama kuna tundu la kutoboa, anza na drili ya mm 4, halafu 8, halafu 12.5 kwa boliti ya M12 (yenye unene wa mm 12).

4. Chasi ni boksi la bati. Ukilibana kwa boliti tupu linabonyea, na boliti haishiki tena hata ukizungusha vipi. Panua tundu la ukuta mmoja hadi mm 18.5, sukuma mrija mpaka uguse ukuta wa pili, kisha ukate uwe sawa na uso wa nje. Hapo boliti inabana mrija, si bati. Kingo zote zilizotobolewa zipake rangi, na ikikauka pulizia nta ndani.

5. Kaza: M10 Nm 45–50, M12 Nm 80–85, isipokuwa karatasi ya chuma chako inataja tofauti. Rudia baada ya kilomita 1,000.

6. Gari likiwa na mzigo, katikati ya gololi pawe mm 350 hadi 420 kutoka ardhini.

7. Umeme. W124 ina kifaa kinachopima umeme unaokwenda kwenye balbu na kuwasha taa ya onyo kwenye dashibodi. Ukiunga tela juu ya waya za taa, kinaona balbu za ziada na kuanza kulalamika. Ndiyo maana ya kisanduku cha rilei: kinachukua ishara ndogo kutoka nyuma ya taa, lakini umeme wa tela unatoka kwenye betri. Pitisha waya wa mm² 2.5 kutoka mbele, fyuzi isizidi sentimita 20 kutoka betri. Waya wa mm² 1 kwa urefu wa mita 5 unapoteza takriban volti 1 kwa ampea 12, na taa za tela zinakuwa na wekundu wa mshumaa.

Usifuate rangi za waya za gari. Washa taa moja moja na upime. Kwenye soketi: pini 1 indiketa ya kushoto (njano), 2 taa ya ukungu (bluu), 3 ethi (nyeupe), 4 indiketa ya kulia (kijani), 5 taa ndogo ya kulia (kahawia), 6 breki (nyekundu), 7 taa ndogo ya kushoto (nyeusi).

Gari za 1993 hadi 1995 zina tatizo linalojulikana: ganda la waya za injini hubomoka. Huko mbele usikate wala kukunja waya wowote, pita pembeni yake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikikanyaga breki indiketa za tela nazo zinawaka kwa mbali. Rilei imekufa?*
Hapana, ni ethi. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia balbu nyingine. Kwangua mahali waya wa pini 3 unapofungwa kwenye bodi mpaka chuma kiwe cheupe, kisha kagua na upande wa tela. Usitegemee gololi ibebe ethi.

*Fundi wangu anasema achomelee tu bomba la mraba kwenye sakafu ya buti, bei nusu. Nimkubalie?*
Usimkubalie, kaka. Sakafu ya buti ni bati la kubeba mizigo midogo, haikutengenezwa kuvutwa. Ikichanika, huchanika pembeni ya kichomeo, tela likiwa limejaa. Moto pia unaunguza kinga ya kutu mahali usipoweza kupaka tena.

*Nimepata chuma cha wagoni, bado kizuri. Kitaingia?*
Mikono yake ni ya wagoni. Usikikate ili kilingane. Ukikikata, namba ya D kwenye kibati haina maana tena.

*Gari langu lina kodi 480. Mbona nikifunga tela nyuma inashuka na haipandi?*
Injini ilikuwa inazunguka? Pampu yake inaendeshwa na injini, kwa hiyo subiri kidogo. Ikibaki chini, angalia kiwango cha mafuta ya mfumo. Ikipanda lakini gari ni gumu kama gogo, mitungi ya gesi imekwisha. Pima urefu wa gololi baada ya kurekebisha hilo.