Kuhamisha vitabu vya wateja kwenda klaudi: ofisi ndogo ya uhasibu ianzie wapi

Ofisi nyingi za uhasibu za watu watatu wanne hapa Dar zinafanana. Kuna kompyuta moja pale kona ndo yenye programu ya uhasibu, QuickBooks au Tally, umeme ukikatika kazi imesimama, mwenye paswedi akiwa kwa mteja kazi imesimama, na bakapu ipo kwenye flashi, flashi ipo kwenye droo, funguo ya droo anayo dada wa mapokezi. Na Intuit wenyewe, wanaotengeneza QuickBooks, waliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani zile QuickBooks Pro na Premier za kwenye kompyuta baada ya Septemba 2024, kwaio kama unasubiri ziendelee kunenepeshwa miaka yote utasubiri sana.

Sasa watu wengi wakisikia kuhamia klaudi, yaani vitabu vikae kwenye programu ya mtandaoni badala ya kompyuta ya ofisini, wanakimbilia kutafuta kitufe cha kuhamisha kila kitu kwa mpigo, miaka nane ya miamala, wateja wote, Jumamosi moja. Ushauri wangu ni kinyume: usihamishe historia, hamisha salio. Historia ibaki kule ilipo, isomeke, ila kwenye programu mpya ingia na salio anzia, yaani salio za siku ya kuhamia, zilizosafishwa basi. Ukihamisha kila kitu unahama nyumba na kunguni wako kwenye godoro.

Kusafisha ndo kazi yenyewe. Fungua urari wa mteja, ile orodha ya salio za akaunti zote, uangalie akaunti za aibu kwanza, ile saspensi ya miamala isiyojulikana iende wapi, ile ya "Opening Balance Equity" ambayo ndo akaunti ya salio anzia, ile ya hela ambazo hazijapelekwa benki ambayo watu huwa hawaifungui kabisa na ndani kuna risiti za 2019 zimelala. Linganisha kila akaunti ya benki mpaka tarehe ya mwisho, na za simu pia, M-Pesa na Airtel Money ni akaunti kama zingine, zisichanganywe na keshi. Wadaiwa waliokufa au waliofunga maduka ongea na mteja wafutwe kwa maandishi. Halafu orodha ya akaunti, utakuta "Usafiri", "Transport", "Nauli" na "Bodaboda" zote ni kitu kimoja, ziunganishe huko huko kabla hujahama maana kule mpya utazibeba tena miaka mingine.

Tarehe ya kuhamia: kwa mteja anayefunga mwaka Desemba 31, nzuri kuliko zote ni Januari mosi, kwa sababu akaunti za mapato na matumizi zinaanza sifuri, unabeba mizania tu. Ukishindwa Januari chukua mwanzo wa mwezi wowote, ila ritani ya VAT ya mwezi uliopita iwe imeshatumwa kutoka mfumo wa zamani, usije ukawa na mwezi mmoja nusu huku nusu kule halafu tarehe 20 inakukuta unajumlisha kwa kalkuleta. Wiki ya tarehe 7 yenye PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi) nayo iache ipite, na Juni usiiguse kabisa, mnajua wenyewe ritani za mwaka zinavyokuwa. Kitu kingine, urari wa Desemba 31 sio wa mwisho mpaka mkaguzi amalize, kwaio salio anzia utakazoingiza Januari zitakuja kuguswa na marekebisho yake, mwambie mapema na kila rekebisho lipigwe pande zote mbili, zamani na mpya, la sivyo mwakani mizania ya kuanzia haitafanana na aliyosaini.

Kuhusu programu ipi, sitawagombanisha. QuickBooks Online, Zoho Books, Xero zote zinafanya kazi, cha kuangalia ni nani analipa. Kwa QuickBooks mhasibu anapata akaunti yake ya wahasibu bure lakini kila kampuni ya mteja ina malipo yake ya kila mwezi, kwa kadi, kwa dola, na kadi ikigoma siku mbaya mteja atakupigia wewe. Amua mapema kama unaijumlisha kwenye ada yako au analipa mwenyewe. Halafu kabla hujaandika muamala hata mmoja hakikisha sarafu kuu ni shilingi ya Tanzania, maana kwenye QuickBooks Online ukishawasha sarafu nyingi huwezi kuzima tena wala kubadili sarafu kuu, unaanza kampuni upya. VAT ya asilimia 18 unaweza ukalazimika kuiweka mwenyewe kwa mkono, pamoja na sifuri na msamaha, iwekwe sawa siku ya kwanza.

Anza na mteja mmoja au wawili. Asiwe mkubwa kuliko wote, asiwe mwenye fujo kuliko wote. Duka la dawa lenye mwenye duka anayejibu simu linatosha.

Tuje kwenye salio anzia, hapa ndo panaharibika. Wadaiwa usiwaingize kwa jumla moja kwenye jenolo, yaani ingizo la mkono. Ukiingiza "Wadaiwa milioni 40" mizania itakubali ndio, ila ripoti ya nani anadaiwa siku ngapi itakuwa haina maana na siku mteja akilipa hutajua unafuta invoisi ipi. Ingiza invoisi moja moja zile ambazo hazijalipwa, na tarehe yake ya asili na namba yake ya asili. Sasa mtego wa VAT: chukua invoisi ya Novemba ya Sh 5,900,000, ndani yake 5,000,000 ni mauzo na 900,000 ni VAT ambayo ulishaitolea ritani Desemba. Ukiiandika kwenye mfumo mpya kama invoisi ya kawaida yenye asilimia 18, ile 900,000 inaweza kujitokeza tena kwenye ripoti ya VAT, na mauzo ya 5,000,000 nayo yanahesabika mara ya pili kwenye kampuni mpya. Iandike 5,900,000 nzima bila kodi, na upande wa pili upeleke akaunti ya salio anzia, sio mauzo. Wadai fanya hivyo hivyo. VAT unayodaiwa na TRA yenyewe iingie kama salio la kawaida kwenye akaunti yake.

Benki ingiza salio la kwenye steitimenti, halafu zile hundi ambazo hazijapita na hela zilizoko njiani ziingize moja moja, jumla yake itoke salio la kwenye vitabu, ili mwezi wa kwanza ukilinganisha ziweze kuwekewa tiki. Mali za kudumu gharama peke yake, uchakavu uliolimbikizwa peke yake, usiweke thamani ya kilichobaki tu ukadhani umerahisisha. Ukimaliza vyote akaunti ya salio anzia lazima isome sifuri, isiposoma sifuri usipige jenolo ya kuilazimisha, kuna kitu umeruka, kitafute. Chapisha urari wa zamani na mpya wa tarehe ileile, weka pembeni kwa pembeni, weka tiki mstari kwa mstari, mteja asaini, kisha funga vitabu kwa paswedi mpaka tarehe hiyo asije kijana wa ofisi akarudisha risiti nyuma bila kujua.

Mwenye stoo, kaa chini naye. QuickBooks ya kompyuta, Pro na Premier, inathamini stoo kwa wastani wa bei, ya Online inatumia cha kwanza kuingia ndo cha kwanza kutoka, kwaio mwenye hadwea aliyenunua nondo kwa bei tatu tofauti ataona faida ya mwezi wa kwanza imecheza kidogo na bado mahesabu yako sahihi. Mweleze kabla hajaona. Na hesabuni stoo kwa macho siku ya kuhamia, hapa ndo nafasi.

Mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, haiendi popote. Kuna wateja wanafikiri wakiwa na programu ya klaudi yenye invoisi nzuri yenye nembo basi wamemalizana na TRA, hapana, risiti ya EFD inabaki pale pale, cha kufanya ni kuandika namba ya risiti kwenye sehemu ya rejea ya kila invoisi ili mwisho wa mwezi ripoti za Z, zile za mauzo ya siku kutoka kwenye mashine, na vitabu vikutane. Steitimenti za benki na za simu usitegemee zijivute zenyewe, pakua, panga kwenye Excel tarehe, maelezo, kiasi, pakia. Tarehe ndo huleta shida, mfumo ukisoma mwezi kwanza 03/04 inageuka Machi.

Umiliki: akaunti ya kampuni ifunguliwe kwa imeili ya mteja, wewe uingie kama mhasibu wake. Isifunguliwe kwa Gmail ya kijana aliye kwenye majaribio, akiondoka ameondoka na vitabu. Kila mfanyakazi na jina lake la kuingilia, ile ya wote kutumia "admin" iishie kwenye kompyuta ya zamani, na namba ya uthibitisho kwenye simu iwashwe. Mishahara na namba za NIDA za watu ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, inataka usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na seva za hizi programu nyingi ziko nje, kwaio mkataba wako na mteja uongezwe kifungu cha kukubali hilo.

Intaneti: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikasuasua, ilikuwa Jumapili, tarehe 20 ya VAT ilikuwa wiki moja mbele. Uwe na laini za kampuni mbili tofauti, rauta yenye betri, na ritani ziandaliwe kuanzia tarehe 12, sio 19 usiku. Kila mwisho wa mwezi pakua urari, leja kuu, wadaiwa na wadai kwa Excel, weka nakala ofisini. Klaudi sio bakapu yako, muhimu hiyo.

Ile kompyuta ya zamani usiiuze. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa miaka mitano, na faili la QuickBooks bila programu yenye leseni iliyo hai halifunguki. Toa leja kuu ya kila mwaka kwa PDF, faili la bakapu sehemu mbili, ondoa mashine kwenye mtandao, bandika karatasi juu yake: KUSOMA TU, pamoja na jina la aliye na paswedi.