Jinsi ya kujua wimbi la graviti la Antaktika limetokea wapi

Kwanza tuelewane, haya sio mawimbi ya Einstein ya mashimo meusi. Hapa ni hewa tu: imesukumwa juu, uzito unairudisha chini, inapitiliza, inapanda tena.

Kosa la wengi ni kuona wimbi kwenye picha ya setilaiti juu ya bahari, latitudo 60 kusini, alafu wanatafuta chanzo chini yake hapohapo. Chini pale ni maji matupu! Wimbi linaposafiri kwenda juu linasombwa na upepo pembeni, mamia ya kilomita.

Chukua data ya joto ya AIRS, kile chombo cha kupima joto la hewa kilichoko kwenye setilaiti ya Aqua tangu 2002, toa joto la wastani la eneo, kinachobaki ndo wimbi lako. Linganisha na picha ya masaa kadhaa baadae. Mistari ya wimbi kama haijasogea, mshukiwa wa kwanza ni mlima: Andes ya kusini, Rasi ya Antaktika, hata kisiwa cha South Georgia ambacho ni kidogo lakini Mlima Paget una mita 2,935.

Usimhukumu bado. Fungua ERA5, ile kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyojengwa kwa vipimo na kompyuta, ni bure, uangalie upepo wa chini siku hiyo ulikuwa unaukata mgongo wa mlima au unapita sambamba nao, alafu panda nao kimo kwa kimo, maana wimbi la mlima limesimama palepale na likifika mahali upepo ni sifuri linafia hapo. Ndo maana Januari, upepo wa stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua) ukishageuka na kutoka mashariki, mawimbi ya milima hayapiti. Ukiona wimbi kilomita 50 juu mwezi huo, mwache mlima.

Mistari ikiwa inatembea, angalia dhoruba za Bahari ya Kusini na ule mkondo mkali wa upepo unaozunguka ncha ya kusini, maana ukikosa mizani unatema mawimbi wenyewe. Na mawimbi ya mlima yakivunjika huko juu yanazaa mengine, hayo yanachanganya sana.

Mwisho rudi nyuma hatua kwa hatua: kwa kila kimo piga hesabu ya kasi na mwelekeo wa nishati ya wimbi, rudisha nyuma nukta ya mahali wimbi lilipokuwa, rudia mpaka ufike chini. ERA5 itumie kwa upepo tu, vipimo vyake viko kila kilomita 31 hivi kwahiyo mawimbi madogo haiyaoni. Fanya kazi hii kwa makini jamani, modeli nyingi za kompyuta za hali ya hewa zina upungufu wa mawimbi hapo 60 kusini, na ncha ya kusini ndani yake inabaki na baridi kupita kiasi, hesabu ya ozoni nayo inaharibika.