Somo: Kuwatafuta ndege wa msimu kwenye hori ya Mida

Wengi hufika Mida, hapa karibu na Watamu, pwani ya Kenya, darubini shingoni, wakaanza kuuliza ndege wako wapi. Waulize maji. Msimu wenyewe huanza Agosti, kusi likielekea ukingoni, hadi Aprili.

1. Hesabu maji. Fika yakiwa yamejaa, ungoje yaanze kutoka. Ukija yameshakupwa utawaona kama punje za pilipili manga kule mbali. Kosa hilo nimelilipia kwa nusu siku ya jua.

2. Tazama ardhi kabla ya ndege. Tope laini, la majimaji, ni la kitwitwi atokaye Siberia, mwenye mdomo uliopinda chini: huuchoma topeni kama sindano ya fundi cherehani, akitafuta minyoo. Penye mchanga mchanga, pagumu kidogo, utawaona wenye mdomo mfupi na macho makubwa. Hukimbia, husimama ghafla, hudonoa. Hao huwinda kwa macho, basi kila mmoja hutaka nafasi yake.

3. Penye mashimo ya kaa, mtafute mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi. Hutaga ndani ya mashimo ya mchangani pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, kisha huja kwetu. Kinda wake humfuata hadi huku, mkubwa mzima, bado analialia alishwe! Mimi humwangalia huyo tu asubuhi nzima.

4. Maji yakirudi, kipila, yule mkubwa wa mdomo mrefu uliopinda, hupanda mikokoni, mla kaa husimama kwenye fungu la mchanga. Kaa mbali. Ukiwarusha wanaunguza mafuta ya safari.

MASWALI YA WANACHAMA

– Mwalimu, niende bamvua, maji yakijaa sana, au maji mafu, yakijaa kidogo tu?
Bamvua. Maji hufunika tope lote, hawana budi kukusanyika. Maji mafu huacha vipande vikavu, nao hutawanyika.

– Mbona niliwaona Julai, na wenzao wameshaondoka?
Wengi wa hao ni vijana wa mwaka wa kwanza. Hawajafika umri wa kutaga, safari ya nini?

– Na wale weupe wadogo wanaokimbizana na mawimbi? Horini siwaoni.
Wao ni wa mchanga na bahari wazi. Wimbi likirudi hulifuata, wakidonoa lilichofukua. Wafuate ufukweni Watamu, mapema, kabla watu hawajajaa.