Ukishuka Elgon, funga kamba upya
Ukitaka kukimbia Mlima Elgon upande wa Uganda, anza na njia ya Piswa kutoka Kapkwata. Ni ndefu lakini mpole kuliko njia iitwayo Sasa, inayoanzia Budadiri na kukupandisha zaidi ya mita 1,600 siku ya kwanza tu.

Kinachoumiza hasa ni kushuka. Kabla hujageuza, kaa kwenye jiwe, legeza kamba za viatu, gonga kisigino chini mara mbili kikae nyuma kabisa, kisha kaza pale kifundoni. Vidole vikipata nafasi mbele, kucha hazipondeki. Mimi zilinitoka mbili kabla sijajua hili. Toka alfajiri, maana mvua hupenda kunyesha mchana na udongo ule ukilowa huteleza kama mlenda. Askari wa hifadhi waambie mapema kwamba utakimbia, upewe wa kukusindikiza mwenye mbio.