Somo: Kulisha utumbo kwa ajili ya mapafu

Nimeishi na pumu tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliamini kwamba tumbo na kifua kila kimoja kina mambo yake. Kumbe ni ndugu. Mimba ikiwa na wiki nne hivi, mapafu huchipuka kwenye bomba lilelile linalozaa umio na tumbo, na undugu huo hauishi mtoto akizaliwa. Somo hili ni kwa mwenye pumu, au mwenye ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa unaowapata zaidi waliovuta sigara au moshi kwa miaka mingi.

Kabla ya yote: dawa yako ya kuvuta inabaki palepale. Haya yote ni nyongeza.

Hatua ya 1: Elewa kinachosafiri

Utumbo mpana umejaa bakteria, matrilioni kwa matrilioni. Chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi, ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya. Wakizichachusha hutoa asidi ndogo tatu: asetati, propionati na butirati. Butirati karibu yote huliwa hapohapo na seli za ukuta wa utumbo. Sehemu ya zile nyingine huingia kwenye damu.

Mwaka 2014, watafiti wa Lausanne, Uswisi, waliwalisha panya nyuzinyuzi kwa wingi, kisha wakawavutisha vitu vya mzio vitokanavyo na utitiri wa vumbi la nyumbani. Njia zao za hewa zilivimba kidogo kuliko za panya walionyimwa nyuzinyuzi. Walipotafuta sababu waliikuta ndani ya mifupa, kwenye uboho: propionati ilibadili chembe changa za kinga zinazozaliwa humo, nazo zikafika mapafuni zikiwa na pupa ndogo ya kuanzisha mzio. Mimi jambo hili lilinigusa sana. Chembe zinazonibana kifua usiku hulelewa mbali kabisa na kifua, na ninachokula kina sauti katika malezi hayo.

Panya si mtu, ni kweli. Kwa binadamu uhusiano umeonekana mara nyingi, ila haujawa tiba ya kuandikiwa hospitalini.

Hatua ya 2: Ongeza nyuzinyuzi, lakini taratibu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe: nafaka isiyokobolewa, jamii ya kunde, mboga, matunda, mbegu. Changanya aina, kwa sababu bakteria nao hutofautiana kwa wanachopenda.

Wengi huharibikiwa hapa. Mtu anasoma makala leo, kesho anakula sahani nzima ya kunde, tumbo linajaa gesi. Kwa mwenye mapafu mabovu hilo si kero ndogo: tumbo lililojaa husukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, na pumzi inakuwa fupi. Anaogopa, anaacha kabisa.

Kwa hiyo wiki ya kwanza badilisha kitu kimoja tu, tuseme nafaka iliyokobolewa kwa isiyokobolewa. Wiki ya pili ongeza kunde kidogo, mara mbili au tatu, zilizolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Kula kidogo kidogo mara nyingi badala ya kushiba sana mara moja. Kunywa maji ya kutosha, ila kama umeambiwa upunguze maji kwa sababu ya moyo au figo, muulize daktari kwanza.

Hatua ya 3: Heshimu antibaiotiki

Dawa hizi haziwachagui bakteria. Wabaya na wema huondoka pamoja. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, kati ya mwaka 2000 na 2014 watoto wachanga walizidi kupungua kuandikiwa antibaiotiki, na katika kipindi hichohicho wagonjwa wapya wa pumu miongoni mwa watoto wadogo walipungua kwa asilimia 26.

Mashambulizi mengi ya pumu huletwa na virusi, ambavyo antibaiotiki haziviwezi. Usinunue dozi kwa sababu tu kifua kimebana. Lakini mwenye ugonjwa wa kuziba njia za hewa akiona makohozi yameongezeka na kugeuka kijani au njano, na pumzi imezidi kukatika, aende hospitali mapema, na akipewa dawa azitumie kama alivyoelekezwa.

Hatua ya 4: Acha moshi

Sigara huharibu pande zote mbili, hata mchanganyiko wa bakteria wa utumbo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, vidonge vya bakteria wazuri vinaweza kutibu pumu yangu?*

Hapana, ndugu yangu. Majaribio ya vidonge hivyo hayajatoa matokeo ya kuaminika kwa pumu. Kama kinga yako imedhoofika sana, usivitumie bila daktari kujua.

*Nilijifungua kwa upasuaji na nimesikia mwanangu atapata pumu. Nina wasiwasi sana, dada.*

Pole, mama. Huko Denmark walifuatilia watoto 700 tangu kuzaliwa. Waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa na hatari kubwa zaidi ya pumu pale tu bakteria wao walipokuwa bado hawajakomaa wakifikisha mwaka mmoja. Ambao bakteria wao walikomaa, hatari hiyo haikuonekana. Kama unanyonyesha, endelea: maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya, ila bakteria wake huzila. Na upasuaji wako usiujutie.

*Nimekula vizuri miezi miwili na sijabanwa kifua. Naweza kuacha dawa ya kuvuta ya kila siku?*

Usiache. Inawezekana hujabanwa kwa sababu dawa hiyo inafanya kazi yake ya kutuliza uvimbe. Mweleze daktari wako jinsi unavyojisikia. Mwenye pumu akitulia kwa miezi mitatu hivi, daktari anaweza kufikiria kupunguza dozi hatua kwa hatua, huku akimpima.

*Baba yangu anatumia oksijeni nyumbani na hana hamu ya kula. Nyuzinyuzi nitampa vipi?*

Kwake anza na kalori na protini, maana kukonda humdhoofisha hata misuli ya kupumulia. Chakula cha nyuzinyuzi hushibisha haraka, kwa hiyo mpe kidogo, kilichopikwa kikalainika, saa ambayo pumzi yake ni nzuri zaidi. Akiendelea kupungua uzito, mpeleke kwa mtaalamu wa lishe.