Rekodi za watu na idara katika nyaraka za chuo: usianze na orodha ya idara za leo

Mwongozo huu ni wa mtunza nyaraka ambaye maboksi yake yameshaorodheshwa, ila majina bado yamezagaa ndani ya maelezo ya majalada: hapa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), pale Taasisi, kwingine "Inst. of Swahili Res.", yote yakiwa ya ofisi moja. Mtafiti akitafuta moja anayakosa mawili. Dawa yake ni kila mtu na kila idara kuwa na rekodi moja, iandikwe mara moja, kisha majalada yote yaunganishwe nayo. Mifano ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa historia yake ina karibu mitego yote.

Hatua ya 1: Vuna majina kutoka kwenye karatasi

Usinakili majina kutoka tovuti ya chuo. Tovuti inakupa idara za leo. Karatasi zinakupa idara zilizoandika zile barua. Tazama kichwa cha barua, muhuri, cheo chini ya saini, mstari wa "nakala kwa", na herufi za mwanzo za Kumb. Na., ambazo mara nyingi ndizo zinazofichua ofisi halisi ya jalada. Jedwali liwe na safu nne tu: jina kama lilivyoandikwa (makosa yake yakiwemo), boksi na jalada, mwaka, na aina: mtu, familia au taasisi.

Tumia LibreOffice Calc. Excel ukiibofyia faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi tupu) moja kwa moja, jalada namba 3/64 linageuka tarehe na kistari cha 1961–1970 kinageuka takataka. Calc inakuuliza kwanza: chagua UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), fanya safu zote kuwa maandishi, ndipo ufungue.

Hatua ya 2: Kusanya yanayofanana

Tumia OpenRefine, programu ya kusafisha data, si macho. Njia yake ya alama ya kidole (fingerprint) hupanga upya maneno na kuondoa nukta na mikato, hivyo "Kimambo, Isaria" na "Isaria Kimambo" huangukia kundi moja. "I. N. Kimambo" haitaingia humo, hayo ya herufi za mwanzo utayafanya kwa mkono. Usiunganishe lolote bila kutazama miaka.

Hatua ya 3: Amua ni rekodi ngapi

Hapa ndipo kazi hukwama, na kosa la hapa huonekana baada ya miaka, majalada mia tano yakiwa yameshafungwa kwenye jina lisilo lake. Swali ni hili: idara ikibadili jina, je, ni idara ileile au ni nyingine?

Kanuni inayofanya kazi: kikibadilika kibao cha mlangoni tu, ni rekodi ileile, na jina la zamani linaingia kwenye majina mengine. Yakibadilika madaraka, yaani sheria iliyoiunda, majukumu yake, au mwenye kuimiliki, ni rekodi mpya, inayounganishwa na ya zamani kwa uhusiano wa kutangulia na kufuata.

Tuipitishe kanuni hiyo kwa Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chombo cha serikali za makoloni kilichosimamia usanifishaji. Mwaka 1964 kazi zake zikaingia chuoni Dar es Salaam kama Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Mwenye mali si yuleyule: rekodi mpya. Baadaye kikaitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Chuo kilekile, kazi ileile: rekodi haigawanyiki, "TUKI" na jina la zamani yote yanakaa ndani yake. Mwaka 2009 TUKI ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili, iliyokuwapo tangu 1970, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Hapo ni rekodi mpya yenye watangulizi wawili. Kwa jumla rekodi nne. Anayeandika "TATAKI" kwenye barua ya 1975 ameipa TATAKI barua ya idara iliyokuwa na mkuu wake na kumbukumbu zake.

Tahadhari zinazofuatana na kanuni hii:

- Kuhamia chini ya mlezi mwingine hakutoshi kuunda rekodi mpya. Chuo kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na 1963 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Ninakihesabu kuwa chuo kimoja, 1961–1970. Tarehe 1 Julai 1970, kwa sheria mpya, ni chuo kikuu kingine, na rekodi nyingine.
- Kitivo kikiondoka na kuwa chuo kamili, nyaraka za kabla ya kuondoka hazikifuati. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilikuwa cha Dar es Salaam hadi 1984, kilipokuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Tiba ya Muhimbili ni vivyo hivyo, ila ina ngazi zaidi: kitivo tangu 1968, chuo kishiriki 1991, chuo kikuu 2007. Mtafiti wa SUA atafika 1983 kwa kiungo, si kwa wewe kulivuta jalada mbele.
- Kitivo kuitwa ndaki (college) si kubadilisha jina tu kila mara. Tazama kama idara zilizomo ni zilezile. Zikiwa zimepangwa upya, fungua rekodi mpya.
- Ukishindwa kuamua, gawanya. Kuunganisha rekodi mbili ni dakika mbili. Kutenganisha moja ni kurudi kwenye kila jalada.

Hatua ya 4: Jina linaandikwaje

Chagua lugha moja kwa majina ya idara. Mimi nachagua Kiswahili, na jina la Kiingereza linakaa kama jina sambamba.

Kwa watu, acha vyeo nje: Profesa, Dkt., Shehe, Mwalimu si jina. Ongeza miaka. "Nyerere, Julius Kambarage, 1922–1999" halina ubishi. Lakini kanuni ya kugeuza jina la mwisho mbele inaharibu majina mengi ya pwani. Shaaban Robert, aliyekuwa mjumbe wa Kamati ya Lugha, hakuwa "Bwana Robert". Aliandikwa pia Shaaban bin Robert. Weka "Shaaban Robert, 1909–1962", na "Robert, Shaaban" lisimame upande wa majina mengine, maana wapo watakaolitafuta hivyo. Jina lenye "bin" au "binti" usiligeuze kamwe.

Majina mawili ya mtu mmoja ni jambo la kawaida. Hans Cory, ambaye mkusanyo wake uko maktaba ya Mlimani, alichapisha awali kama Koritschoner. Rekodi moja, majina mawili.

Hatua ya 5: Jaza

ISAAR (CPF), kiwango cha kimataifa cha rekodi za taasisi, watu na familia, toleo la 2004, kinalazimisha vitu vinne: aina, jina lililokubaliwa, tarehe za kuwapo, na kitambulisho cha rekodi. Anza na hivyo vinne kwa majina yote kabla ya kuandika historia ya hata moja. Historia iwe aya moja, na chanzo chake kiandikwe kwenye sehemu ya vyanzo: Kalenda ya Chuo, Gazeti la Serikali, muhtasari wa Seneti.

Kwa walio hai, usiweke tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya simu wala habari za afya, hata zikiwa wazi ndani ya jalada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Hatua ya 6: Unganisha na upakie

Tofautisha aliyezalisha nyaraka na anayetajwa ndani yake. Barua iliyosainiwa na mtu akiwa mkuu wa Idara ya Historia ni ya Idara ya Historia. Yeye ni mtajwa. Barua zake za nyumbani ndizo zake.

Kama unatumia AtoM, programu ya bure ya kuorodhesha nyaraka, na sioni sababu ya chuo kulipia programu nyingine, pakia rekodi za majina kwanza, maelezo ya majalada baadaye. AtoM hulinganisha jina herufi kwa herufi. Herufi moja tofauti, au kistari kifupi badala ya kirefu kati ya miaka, na inaunda rekodi mpya tupu bila kukuuliza. Kwa hiyo nakili jina kutoka jedwali la rekodi za majina ulilopakia kwanza, usiliandike upya. Jaribu na mistari kumi. Kisha fungua orodha ya majina na utafute rekodi zisizo na tarehe za kuwapo: hizo ndizo zilizojizalisha. Sahihisha CSV, futa ulichopakia kwa majaribio, pakia tena.